Mkeka Mbele ya Lango

Ninafundisha historia katika shule moja ya sekondari hapa Mangobo, mtaa wa mji wetu wa kando ya mto, na kila mwaka wa masomo lazima nipitie mapinduzi ya Wafaransa. Ni sehemu ndefu. Kuna mfalme, kuna mawakili wanaohutubia, kuna gereza linalobomolewa, halafu, katikati ya wanaume wote hao, kuna aya moja ya wanawake. Inasema kwamba asubuhi moja wanawake wa soko, wauza samaki na wenzao, walichoka kukosa mkate, wakatembea kwenye mvua mpaka kwenye jumba la mfalme, wakarudi naye mjini. Pembeni pana picha ya mwanamke mnene, mdomo wazi, ameshika fimbo ndefu. Wavulana wangu humfananisha na mama fulani wa sokoni, kila mwaka mama tofauti, na hucheka hadi nigonge meza.

Mimi aya hiyo siipendi. Si ya uongo. Ila inaanza wanawake wakiwa tayari barabarani, na inawaacha wakiwa bado barabarani. Haisemi nani alikataa kwenda na kwa nini, nani alibaki na watoto, na walipofika nyumbani na nguo zimelowa walikuta nini. Mwaka jana msichana mmoja wa dawati la mbele aliniuliza, "Madame, bale bamama walirudi ku nyumba na nini?" Nikamjibu kama kitabu: na mkate, na mfalme. Akaandika. Nilikuwa na jibu lingine mdomoni, nikafuta ubao kabla kengele haijalia.

Mama yangu anauza kwanga, mkate wetu wa muhogo. Muhogo unalowekwa siku kadhaa mpaka unalainika na kunuka, unatwangwa, unafungwa kwenye majani mapana kwa kamba ya jani lilelile, halafu unachemshwa. Muhogo wenyewe huununua mtoni, kwa watu wa Isangi na Yanonge wanaopanda mto na mitumbwi, na kwao ndiko ukoo wetu ulikotoka. Nimelala na harufu ya muhogo uliolowekwa tangu nizaliwe. Nilipoenda chuo kusomea ualimu wenzangu walikuwa wakinusa hewa nikikaa karibu nao, na mimi nilikuwa nawaambia wanuse vizuri kwa sababu hiyo ndiyo harufu ya karo yangu.

Sokoni jirani yake ni mama wa makayabu, yaani samaki wa chumvi. Huyo ni mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye hajawahi kunong'ona jambo lolote maishani mwake. Yeye na mama wamegombana kila siku kwa miaka mingi kuhusu nani kasogeza meza yake. Siku mmoja asipofika, mwingine hauzi vizuri.

Papa, yaani baba yangu, alikuwa mtu wa reli, ng'ambo ya mto, Lubunga. Treni ilipofika wakati wa kupita mara mojamoja na mshahara kutopita kabisa, alirudi nyumbani, akanunua redio, na tangu hapo kazi yake ikawa kusikiliza. Nasema hivi bila ubaya. Nyumba nyingi za Mangobo ndivyo zilivyo: papa anajua habari za dunia, mama anajua leo tutakula nini.

Halafu kuna ndugu yangu, mtoto wa mwisho. Alikuwa anaendesha pikipiki ya abiria, na alikuwa na mdomo kuliko injini yake. Aliniita yaya mwalimu, yaya kwetu ni dada mkubwa, na alikuwa akiwaambia abiria wake kwamba dada yake anawajua wafalme wote waliokufa lakini hajui kupika hata pondu ya majani ya muhogo. Alikuwa na tabia moja tangu utotoni. Akila kwanga, haitupi ile kamba ya jani. Anaizungusha kidoleni akiongea, anaisuka bila kuiangalia, na mwisho wa chakula inakuwa pete ndogo. Zamani alikuwa akinitupia pete hizo nilipokuwa nikimfundisha kusoma uani. Alipokuwa mtu mzima zilibaki tu chini ya meza, na mama alikuwa akizifagia huku akilalamika.

Ulikuwa ule wakati wa uchaguzi usiofika. Vijana waliitisha siku za ville morte: maduka yafungwe, pikipiki zisitembee, mji wote ulale kama maiti mpaka wakubwa waelewe. Kwenye redio ya papa walisema mji umefungwa. Labda mji wa wanaume. Watoto waliamka na njaa kama kawaida, na kwa hiyo wanawake waliuzia nyuma ya nyumba, kupitia tundu za ua, mikono tu ikionekana. Vijana walipokimbia gesi ya machozi, milangoni walikuwa wamesimama mama zao na wasiokuwa mama zao, na ndoo za maji na vitambaa. Kulikuwa hata na alama. Mwanamke akipita na beseni kichwani, askari wako kwenye kona. Akipita nalo kiunoni, njia iko wazi. Siku moja mama wa makayabu alisahau, akapita nalo kichwani kwa mazoea, na mtaa mzima ukajifungia ndani kwa sababu yake. Tulicheka sana. Wakati ule bado tulikuwa tunacheka.

Ndugu yangu siku aliyokamatwa hakuwa akiandamana. Siandiki hivi ili kumtetea, maana hata angekuwa akiandamana ningeandika vilevile. Alikuwa amempakia kijana aliyepigwa risasi ya paja, akampeleka kituo cha afya, na alipotoka nje kuwasha pikipiki akakuta gari la askari limesimama. Muuguzi aliona kwa dirisha. Walimpakia yeye, wakapakia na pikipiki, wakaondoka. Muuguzi yule alikuja mwenyewe nyumbani kutuambia, bado amevaa glavu mkono mmoja.

Hapa kwetu mfungwa analishwa na ndugu zake. Kwa hiyo mama hakuenda kuuliza, alikwenda kulisha. Alifunga kwanga, samaki kidogo na pilipili, tukazunguka mji mimi na yeye, lango kwa lango, kila palipokuwa na askari na selo za kufungia watu. Kila mahali walituambia hayuko. Na kila mahali walichukua chakula. Ndilo lililonitia hasira: hayuko, lakini leta. Nilitaka kusema kitu, mama akanikanyaga mguu. Alijua ananikanyaga kwa sababu gani, ananijua.

Lango moja lilikuwa la chuma, la ofisi ambayo sitaitaja. Nje, kando ya ukuta, walikuwa wakitupa takataka za ndani. Siku ya pili tulipofika pale mama aliinama kwenye majani makavu ya kwanga yaliyotupwa, akaanza kuyafungua moja baada ya lingine. Mlinzi akamwuliza kama amekosa mbolea. Mama aliendelea kuchakura. Alisimama akiwa ameshika kitu kati ya vidole viwili, akakificha kwenye fundo la kitenge chake, akanishika mkono tukaondoka. Tulipokata kona ndipo aliponionyesha. Ilikuwa pete ya kamba ya jani.

"Iko humu," alisema. "Anakula."

Tangu siku hiyo tulipeleka chakula pale tu, na kila siku mama alichakura takataka, na kila siku palikuwa na pete. Tulimwambia mkubwa wao kwamba tunajua yuko. Mkubwa alikuwa mtu mpole wa kuongea, mwenye kalamu nyingi mfukoni, akatuambia tena kwamba hana mtu wa namna hiyo. Tungemwonyesha pete angecheka. Ni nani anayekwenda mbele ya mkuu na kamba ya jani?

Halafu asubuhi moja hapakuwa na pete. Kesho yake kwanga ilikuwa imetupwa nzima, haijafunguliwa. Na siku iliyofuata mlinzi alisukuma beseni letu kwa mguu.

"Mama, rudisha hii chakula. Hakuna mutu ya kukula."

Hakusema kwa ukali. Aliangalia pembeni aliposema, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jioni hiyo, jua bado liko juu ya mapaa, mama wa makayabu alifika uani kwetu na wanawake wengine wa sokoni. Alikuwa amefikiria njia, na akaisema kwa sauti yake ile, majirani wote wakasikia.

"Kesho tufungue matanga pale ku mulango yabo."

Lazima nieleze. Ukienda kwenye lango la serikali na mabango, wewe ni mwandamanaji, na mwandamanaji anapigwa. Ukienda bila mabango, ni mkusanyiko, na mkusanyiko unatawanywa. Lakini matanga ni kitu kingine. Mama mfiwa akishaketi chini kwenye mkeka, nywele zimefumuliwa, wanawake wamemzunguka wanalia, hakuna anayemwinua mpaka maiti izikwe. Magari yanapunguza mwendo. Askari wanavua kofia. Hata mlevi anashika adabu. Sijawahi kuona, wala sijawahi kusikia, mtu amepiga fimbo matanga.

Mama aliweka chini mchi wake.

"Mutoto yangu hayakufa."

"Hayakufa, najua," alisema mama wa makayabu. "Lakini tukikaa hivi, atakufa. Bakiona matanga, watalazimika kutoa mutu. Muzima ao maiti, batatoa."

"Basi mulie weye. Mie siwezi kulilia mutu muzima. Ni kumuchimbia shimo."

"Matanga bila mama yake haiko matanga. Ni batu tu banakaa ku barabara. Batatupiga gaz, tutakimbia, bon, imekwisha."

Wanawake wengine walijua kwamba wote wawili wanasema kweli. Papa, kutoka kitini kwake, alisema tungojee, avocat, yaani wakili aliyekuwa amemwendea, amesema tungojee. Mama wa makayabu akamwuliza kwa heshima yote kama avocat huyo anangojea akiwa na meno yake yote. Papa akaongeza sauti ya redio.

Mimi nilikuwa upande wa mama wa makayabu. Nilikuwa na diploma, sikuamini kwamba kilio kinaweza kuua. Nilimwambia mama hivyo, kwa upole, kwamba kinachoua ni kipigo. Aliniangalia kama anavyomwangalia mteja anayebonyeza kwanga zote asinunue.

"Weye hujazala," alisema, na kweli wakati ule nilikuwa sijazaa.

Siku iliyofuata alitwanga muhogo tangu alfajiri. Hakwenda sokoni, hakula, hakuongea na mtu. Alitwanga hata ule ambao haukuwa umelainika, na tulijua kwa mlio wa kinu kwamba unaharibika. Baada ya adhuhuri mlio ukakoma. Alitoka na kigoda, akakiweka katikati ya ua, akakaa akinipa mgongo.

"Fungua nywele yangu, mama," alisema. Ananiita mama anaponihitaji.

Alikuwa amesukwa wiki ile ile aliyokamatwa mwanawe, misuko midogo, kazi ya mkono mzuri. Nilifumua mmoja mmoja. Nilimwuliza kama ana hakika, akasema fungua tu. Nilipomaliza, nywele zake zilisimama pande zote, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee. Alijipangusa uso kwa majivu ya jikoni, akaingia ndani kuchukua mkeka.

Tulikwenda kesho yake asubuhi, kutoka sokoni, barabara yote. Hakuna aliyeimba. Wauza mboga, wauza makala, yaani makaa, wauza mafuta ya mawese, wanawake wa lituma, ndizi za kupondwa, na mabeseni yao, wote wamefunga vitenge kiunoni kama watu wa msiba, wengine wamebeba sufuria, wengine kuni. Walioacha watoto wachanga kwa majirani maziwa yalikuwa yakiwalowesha kifuani kabla hatujafika nusu ya njia. Kwenye lango mama alitandika mkeka yeye mwenyewe. Alisimama juu yake muda, nikadhani atageuka arudi, na sehemu ya moyo wangu ilitaka ageuke. Halafu akaketi. Akanyoosha miguu mbele, akapiga mapaja yake kwa viganja, akaita jina la mtoto wake kwa ile sauti inayoita wafu. Wanawake wakalipuka kwa kilio. Na mimi, mwenye diploma, nikaogopa.

Mlinzi aliyesukuma beseni letu alivua kofia. Hakufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Mkubwa alipotoka alimkuta nayo mkononi.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Mutoto yangu," alisema mama kutoka chini.

"Nani alikuambia amekufa?"

"Ni weye, chef. Nilikuja hapa, ukasema haiko. Ku nyumba haiko. Ku hôpital haiko. Ku mto nimeuliza, haiko. Mutu haiko popote, amekufa. Sasa niache nilie mutoto yangu."

Mkubwa akisema hajafa, amekiri yuko ndani. Akisema amekufa, lazima atoe maiti. Alisimama akibonyeza kalamu zake, akarudi ndani. Tulisikia akifoka kwa simu.

Tulikaa. Mvua ilinyesha ikatukuta, jua likatukausha, mvua ikarudi. Tulipika kwenye mafiga matatu mbele ya ukuta ule. Waliopita njiani walisimama, wakainamisha vichwa, wakauliza ni nani, na kila aliyeuliza alikwenda na habari mahali pengine. Wamama wa kanisa walikuja, na wake wa Waislamu wa mjini walikuja na sufuria ya wali. Siku ya pili wanaume walikuja pia, na viti vyao, wakaketi ng'ambo ya barabara. Papa alikuwa miongoni mwao. Alikuwa amekuja bila redio, na hilo nimemshukuru mpaka leo.

Mama hakuondoka kwenye mkeka. Hakuoga. Alilia mpaka sauti ikakatika, akaendelea kulia bila sauti. Nilikuwa nimedhani atajifanya analia. Hakuna kujifanya pale. Ukishakaa chini na wanawake wale wanakulilia masikioni, mtoto wako anakufa kweli mbele ya macho yako, unamwona. Aliniambia baadaye kwamba alimwona mpaka jeneza lake, mpaka misumari.

Lango lilifunguliwa alasiri. Askari walimsukuma ndugu yangu nje kama mtu anayetoa mfuko wa taka, na nyuma yake vijana wengine ambao hata hatukujua wako humo. Alikuwa ameshika ukuta. Uso wake ulikuwa umevimba hata nikamtambua kwa shati. Wanawake wakanyamaza wote kwa pamoja. Hapo ndipo tulipogundua kosa letu, kosa letu sote, pamoja na mama wa makayabu aliyekuwa amefikiria kila kitu: tulijua jinsi ya kufungua matanga, lakini hakuna aliyejua yanafungwaje pale marehemu anapotoka akitembea. Hakuna kaburi, hakuna udongo wa kutupa, hakuna maji ya kunawa. Mmoja alianza kupiga vigelegele, mwenzake akamziba mdomo.

Mama aliinuka. Yeye, ndugu yangu, miguu ikamshinda, akaketi palepale mama alipokuwa ameketi, juu ya mkeka wa msiba wake mwenyewe. Nilimwona mama akinyoosha mkono kumzuia. Alichelewa.

Mtaani ilikuwa sherehe. Wanaume kwenye vibanda vya bia walisimulia jinsi tulivyowashinda askari, na kadiri chupa zilivyoongezeka ndivyo viti vyao vilivyosogea karibu na lango. Wazazi wa wale vijana wengine walimletea mama kuku. Walimwita shujaa. Yeye aliuliza mkeka uko wapi. Mtu alikuwa ameshaurudisha nyumbani na vyombo vingine, ameuanika juani. Mama wa makayabu aliuchukua, akaenda kuutupa mtoni, lakini tayari mtoto alikuwa ameshaukalia.

Ndugu yangu hakupona. Humo ndani walikuwa wamempiga kwa buti mgongoni, na kituo cha afya walisema ni figo. Miguu ilivimba, mkojo ukawa na damu, pikipiki ikabaki kwao kule ndani na hata ingerudi asingeweza kuipanda. Alikaa uani kwenye kiti cha papa. Bado alikuwa na mdomo. "Yaya," aliniambia, "mulikula vizuri ku matanga yangu? Basi hata kidogo hamukuniwekea." Mimi nilicheka. Mama alitoka nje.

Nywele zake mama hakuzisuka. Nilimwomba nimsuke, akasema kesho, na kesho akasema kesho. Alikuwa akimwangalia mwanawe anavyokula, anavyosukasuka ile kamba kidoleni polepole, na vidole vilikuwa vimevimba hivyo pete haikukamilika. Alizikusanya hizo zisizokamilika. Sijui aliziweka wapi.

Ndugu yangu alikufa mchana, mama akiwa mtoni kununua muhogo. Mimi nilikuwapo. Najua ni nani aliyemuua, na nitasema hivyo mpaka niingie kaburini: ni watu wale, na buti zao, na yule mpole mwenye kalamu. Mama hasemi hivyo. Hakuwahi kubishana nami, lakini hasemi hivyo.

Wanawake wa sokoni walikuja wote, wakatandika mikeka uani, wakamwachia mama nafasi katikati. Mama alitoka ndani. Alikuwa ameoga, amevaa blauzi safi, nywele amezifunga kwa kitambaa vizuri kabisa kama anayekwenda kanisani. Aliangalia ile nafasi. Halafu akaomba kiti.

Hakuna aliyesogea. Akakichukua mwenyewe, kiti cha plastiki cha wanaume, akakiweka kando ya jeneza, akaketi na mikono magotini. Shangazi mmoja aliyekuja kutoka Yanonge akamwambia kwamba watu wanatazama, kwamba mama hakai juu mtoto akiwa amelala chini.

"Nilishamulilia," alisema mama. "Ku mulango, kule, nilimulilia mpaka mwisho. Haikubakia."

Kweli hakulia. Alimzika mwanawe na macho makavu, na watu walisema maneno ambayo sitayarudia. Mama wa makayabu ndiye aliyeketi kwenye ile nafasi, miguuni pa kile kiti, akalia kwa niaba yake siku zote za msiba, na alikuwa akijipiga kifua kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Mimi nilikuwa na hasira na mama. Nilitaka alie ili na mimi niweze kulia kama mtoto. Ilibidi nilie kama mtu mzima, na haipunguzi kitu.

Vurugu hazikuishia pale, zilibadilisha sababu tu. Miaka ikapita, mimi nikazaa, papa akaanza kusikia vibaya na redio ikapata nguvu zaidi. Mwaka jana wakakamata vijana tena, na mmoja wao alikuwa mtoto wa mwanamke anayeuza makala sokoni, dereva wa pikipiki kama ndugu yangu. Hayuko, waliambiwa, lakini chakula kilichukuliwa. Wanawake wakakumbuka njia. Walikuja kwetu kwa sababu mama ndiye anayejulikana kwa jambo hilo, na mama wa makala alikuja nao, tayari amefumua nywele, macho yamemtoka.

Nilisimama mlangoni kuwazuia. Nilisema waende zao, nyumba hii imeshatoa. Mama akanipita. Alimtazama yule mwanamke, akamgusa nywele zile zilizosimama.

"Nenda ukasuke," alimwambia. "Weye hapana kaa chini. Mutoto yako iko muzima, hapana mulilia. Mie ndio nitakaa."

"Lakini, mama, haiko mutoto yako," alisema yule.

"Matanga inatafuta mama mwenye alifiwa. Mie nilifiwa. Nikiulizwa nani amekufa, sitasema uongo."

Akaniambia nimfungulie kitambaa. Nilikwenda nao, nilitembea nyuma yake barabara yote ileile. Mbele ya lango alitandika mkeka, safari hii hakusimama hata kidogo, akashuka chini moja kwa moja kama mtu aliyechoka sana kusimama. Akanyoosha miguu. Wanawake walingoja aite jina la yule kijana, ndilo walilokuwa wameambiana. Aliita jina la ndugu yangu. Aliliita kwa mara ya kwanza tangu tumzike, na kile kilio alichosema hakikubakia kikatoka chote, na nikaketi pembeni yake kwenye mkeka, nikalia mpaka nikashindwa kupumua. Askari wakavua kofia.

Yule kijana alitolewa, hajavunjika kitu. Anaendesha pikipiki mpaka leo. Asubuhi nikienda shuleni hunipita karibu na soko, hupunguza mwendo, huniita yaya, huniambia nipande, nisilipe. Ni kijana mzuri na hana kosa lolote. Mimi namwambia asante, ninatembea kwa miguu.